Kurabiedhes: biskuti za lozi na karafuu zilizofukiwa kwenye sukari ya unga

Niliishi Athens miaka 11, mtaa wa Kypseli, nikimtunza bibi mmoja wa Kigiriki. Mimi nilimwita Kiria, maana ndivyo mwanamke anavyoitwa kule kwa heshima. Wajukuu zake walimwita yaya. Kwa Kigiriki yaya ni bibi, na kwetu yaya ni mlezi. Basi nyumba ile ilikuwa na mayaya wawili, mmoja wa Kigiriki na mmoja wa Tanga, na kila ikifika katikati ya Desemba wote wawili tulikuwa jikoni tumefunga aproni, siagi kilo mbili mezani, tunaoka kurabiedhes.

Hiyo dh itamke kama ya dhahabu. Ikiwa moja ni kurabies, zikiwa nyingi ni kurabiedhes. Ni biskuti nene ya siagi na lozi zilizookwa, inanyunyizwa maji ya waridi ingali na moto, kisha inafukiwa ndani ya sukari ya unga mpaka isionekane. Ukiiuma inasagika yenyewe kinywani. Wagiriki huzila Krismasi, na majuma hayo madirisha ya maduka ya keki hujaa vilima vyeupe vya biskuti hizi zinazouzwa kwa kilo. Kaskazini, karibu na Kavala, kuna mji mdogo wa Nea Karvali unaojulikana Ugiriki nzima kwa ajili ya kurabiedhes. Waliouanzisha walikuwa wakimbizi kutoka Kapadokia, waliohamishwa baada ya mapatano ya 1923 ya kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki. Mama yake Kiria naye alifika na wimbi hilohilo akiwa msichana. Mapishi haya alikuja nayo kichwani, kwa kuwa mikononi hakuwa na kitu.

Waturuki wana kurabiye yao na Waarabu wana ghuraiba. Sisi wa pwani tuliokula nankhatai tumeshakutana na ndugu wa ukoo huo, ila nankhatai ina hiliki na haifukiwi kwenye sukari.

Mwaka wa kwanza nilipomwona Kiria anafungua kikopo na kuchomeka karafuu moja moja juu ya kila biskuti, nilisimama. Mama yangu ni mtu wa Wete. Nimekua na harufu ile. Likizo za shule tulikuwa Pemba tunageuza karafuu juani, mikeka imetandazwa kando ya barabara. Nikamwambia Kiria hizi ni za kwetu. Akaniambia kwa Kigiriki zinaitwa garifala, moja ni garifalo. Sikia mwenyewe: garifalo, karafuu. Akanieleza kuwa wao huichomeka Krismasi kukumbuka manukato ambayo mamajusi walimpelekea mtoto Yesu. Tangu siku hiyo kazi ya karafuu ikawa yangu.

Sasa vipimo. Nilipomuuliza unga kiasi gani, alinijibu neno ambalo mabibi wote wa Kigiriki hulijibu: "oso pari", yaani kadiri siagi itakavyopokea. Sisi tunaosema "chumvi kiasi" tunalielewa jibu hilo, lakini huwezi kumwandikia nalo mtu aliye mbali. Basi Krismasi tatu mfululizo nilipima mfuko wa unga kabla hajaanza na baada ya kumaliza, nikagawanya kwa siagi aliyotumia. Kwa kila gramu 250 za siagi, mwaka wa kwanza mkono wake ulichukua unga gramu 390, wa pili 415, wa tatu 400. Mkono wa mtu wa miaka 80 na ushei! Hivi ndivyo vipimo vyake, kwa biskuti kama 30:

Siagi isiyo na chumvi, gramu 250.
Sukari ya unga gramu 90 ya kuchanganyia (robo tatu ya kikombe), na nyingine gramu 400 ya kufukia.
Kiini cha yai 1, bila ute.
Unga wa ngano mweupe gramu 400, vikombe vitatu na vijiko viwili vya kulia.
Lozi gramu 150.
Vanila kijiko 1 cha chai, chumvi kibano kidogo.
Karafuu nzima 30.
Maji ya waridi ya kula, kama robo kikombe.

Kiria alitia na kikombe kidogo cha konyaki, kama wafanyavyo nyumba nyingi kule. Alipojua mimi silewi wala sili chenye kileo, aliacha kuitia kwenye fungu langu, na mwaka uliofuata akaiacha kabisa, akasema maji ya waridi yanatosha. Hata mimi naona yanatosha.

Nianze na siagi, na hapa nitakaa, kwa sababu biskuti hii ni siagi iliyoshikiliwa na unga kidogo tu. Kiria alikuwa na yake aliyoinunua kwa makusudi: siagi ya maziwa ya kondoo na mbuzi iliyoyeyushwa na kuchujwa maji, wanaiita vutiro galaktos. Nilipoifungua mara ya kwanza nikaijua kabla sijaionja. Ni samli. Samli ya kondoo, yenye harufu nzito kidogo. Yeye alichanganya nusu hiyo na nusu siagi ya kawaida ya ng'ombe, ili harufu isizidi. Kwa hiyo ukiwa Tanga, Mombasa au Muscat na una samli nzuri ya ng'ombe, usidhani unabahatisha, uko kwenye njia yenyewe. Ila punguza kipimo. Siagi ya kawaida ina maji kama asilimia 16, samli haina. Ukitumia samli tupu weka gramu 200 badala ya 250. Nayo iwe imeganda, ya kupakika kama mafuta ya mgando. Samli ya maji maji itakupa biskuti ya mafuta, yenye kutoa jasho kwenye karatasi.

Majarini mimi siitii. Najua bei ya siagi ilivyo na najua wengi tumekua na majarini kwenye mkate. Lakini hapa hakuna hamira, hakuna ndizi, hakuna kakao ya kuificha ladha yake. Kama fedha haitoshi, oka nusu ya kipimo kwa siagi ya kweli. Biskuti 15 nzuri ni nyingi.

Siagi iwe laini ya kuingia kidole bila kusukuma, lakini isiwe inang'aa. Ikianza kung'aa imeshaanza kuyeyuka, irudishe baridi. Iweke bakulini na ile sukari ya unga gramu 90, upige. Kwa mashine ni dakika 10 mpaka 12. Kwa mwiko ni nusu saa, na mkono utauma. Mara ya kwanza nilipiga dakika tatu, nikaona imechanganyika, nikamwonyesha Kiria. Akatikisa kichwa. Nikapiga tena. Akatikisa kichwa. Kinachotakiwa ni hiki: siagi ya njano igeuke nyeupe kabisa, iwe nyepesi, imejaa, ukiinua mwiko ibaki imesimama. Wao wanasema afrato, yenye pumzi. Pumzi hiyo ndiyo inayoinua biskuti, kwa sababu hapa hatutii bekingi poda. Kila tone la hewa ulilopigia ndani ya siagi litapanuka ndani ya oveni na kuacha tundu dogo, na matundu hayo ndiyo yanayofanya biskuti ivunjike laini badala ya kuwa jiwe. Ukifupisha hatua hii hakuna ya mbele itakayokuokoa.

Ikishakuwa nyeupe tia kiini cha yai, vanila na chumvi, piga dakika moja tu. Ute usiutie, una maji, na maji yakikutana na unga huamsha ule mnato wa ngano tunaoutaka kwenye chapati na tusioutaka hapa.

Lozi zitengeneze mapema, hata jana yake, maana lazima ziwe baridi. Kama zina ganda la kahawia, zimwagie maji yanayochemka, hesabu dakika mbili, umwage, kisha zibinye moja moja; zinachomoka zenyewe. Zikaushe kwa taulo. Zitandaze kwenye trei, oveni nyuzi 170, dakika 10 hadi 12, mpaka jiko linukie na lozi iliyovunjwa ionyeshe ndani rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Zikipoa zikatekate kwa kisu, nusu vipande vikubwa kidogo, nusu vidogo. Usizisage kwenye blenda. Mtu anapouma unga laini wa biskuti halafu akakutana na kipande cha lozi kinacholia, hapo ndipo anapofumba macho.

Tanga lozi ni ghali na mara nyingi zimekaa dukani mpaka zimeanza kuchachuka mafuta. Zionje kabla ya kulipa. Mimi tangu nirudi natumia korosho, hasa kuanzia Oktoba mavuno mapya ya kusini yanapotoka. Nunua zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa wala kutiwa chumvi. Korosho huungua upesi kuliko lozi, kwa hiyo nyuzi 160 na dakika 8, usiache mlango wa jiko. Ladha yake ni tamu na laini zaidi, na nisiseme uongo, watoto wa nyumba yangu wanaipenda kuliko ya lozi. Karanga nimejaribu mara mbili. Harufu ya karanga hulifunika waridi lote, basi sijairudia.

Unga uchekeche. Utie kwenye siagi mara tatu, kila mara ukichanganya kwa mkono wazi, vidole vimetanuliwa, kama unayefikicha wali uliogandamana. Usikande. Mafuta yanatakiwa yaizunguke kila chembe ya unga ili chembe zisishikane. Ukikanda unazilazimisha kushikana, na biskuti inakuwa ngumu. Tia lozi pamoja na fungu la mwisho la unga. Sasa fanya jaribio la Kiria: chukua donge, libinye kiganjani. Likishikana na ukiligusa kwa kidole linapasuka, acha hapo. Likinata kiganjani ongeza unga kijiko kimoja. Hiyo ndiyo "oso pari" yenyewe, na gramu 400 zitakufikisha karibu nayo sana.

Kwa sisi wa joto kuna hatua ambayo Kiria hakuwa nayo. Desemba ya Athens jiko ni baridi na shida yetu ilikuwa siagi kuwa ngumu mno. Nilipooka Tanga mara ya kwanza, siku mbili kabla ya Idi, saa nane mchana, nilifuata kila kitu kama nilivyofundishwa. Mikono yangu ilikuwa na joto, meza ina joto, na siagi ilishaanza kuyeyuka nilipokuwa naviringa. Trei ilipotoka, biskuti zote zilikuwa zimetambaa na kuungana kuwa pande moja. Nililia, maana siagi ile niliibeba kwenye sanduku. Siku hizi naanza baada ya alfajiri, na donge likishachanganywa linakaa kwenye friji dakika 30 kabla ya kuviringwa, na biskuti zilizoviringwa zinarudi friji dakika 20 nyingine zikiwa juu ya trei. Kama huna friji, weka bakuli ndani ya karai la maji na barafu. Hazijatambaa tena.

Kuviringa: chukua donge la ukubwa wa limau dogo, gramu 30 ukiwa na mizani, liviringe, liweke kwenye trei iliyotandikwa karatasi ya kuokea, kisha bonyeza katikati kwa kidole gumba. Hicho kishimo kina kazi, kitashika sukari. Wengine huzikunja umbo la mwezi mwandamo, na kwa Idi mimi hufanya hivyo. Chomeka karafuu moja katikati, kichwa juu, mkia ndani. Chagua karafuu zilizo nzima na kichwa chake. Ukiubinya mkia kwa ukucha utoe mafuta kidogo. Ikiwa kavu kabisa hiyo imeshamaliza harufu yake.

Oveni iwe nyuzi 170, imeshapata moto sawasawa. Dakika 20 hadi 25, trei katikati. Zisigeuke kahawia juu. Juu zinabaki rangi ya malai, chini zinakuwa dhahabu hafifu. Kiria alikuwa akiinua moja kwa ncha ya kisu na kuchungulia chini yake, basi nami hufanya hivyo kuanzia dakika ya 18, maana kila oveni ina tabia yake.

Wa jiko la mkaa: sufuria pana yenye mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, iwekwe motoni dakika 20 ipate moto, kisha trei ndogo iingie juu ya vijiwe vitatu isiguse mchanga. Funika kwa bati, palia makaa juu, na chini uyapunguze yabaki machache. Moto wa chini ndio unaounguza biskuti za siagi. Oka nane nane, ukianza kuchungulia dakika ya 15. Dada yangu huzioka hivi Pangani, na zake nimeshindwa kuzitofautisha na zangu za oveni.

Zikitoka, usiziguse. Biskuti hii ikiwa ya moto ni mchanga tu, ukiinyanyua imekwisha. Iache kwenye trei dakika tano. Hapo ndipo yanapoingia maji ya waridi. Kiria alitumia chupa ya kunyunyizia dirishani, iliyooshwa vizuri. Mimi natumia mrashi wa mama yangu, uleule unaopitishwa harusini. Mtikiso mmoja kwa kila biskuti, usizidi, zipate umande tu. Ukizilowesha, sukari itageuka uji.

Kisha sukari, na inatiwa mara mbili. Watu wengi hukosea hapa. Tandaza sukari ya unga kwenye sinia pana, kina cha nusu kidole. Biskuti zikiwa vuguvugu, za kushikika lakini bado na joto, zilaze juu yake na uzichekechee nyingine juu. Joto na ule umande wa waridi vitaiyeyusha sukari hii ya kwanza kidogo, ishike kama ngozi. Itaonekana imelowa na kukosa weupe, usiogope. Ziache saa nzima zipoe kabisa. Halafu chekecha mara ya pili, kwa ukarimu, mpaka vishimo vijae na karafuu zichungulie vichwa tu. Sukari ya pili inabaki kavu na nyeupe kwa sababu ya ile ya kwanza iliyo chini yake. Anayetia mara moja tu zikiwa za moto hupata biskuti yenye madoa, na anayetia mara moja zikiwa baridi hupata sukari inayoanguka yote kabla haijafika mdomoni.

Sukari ya unga ukiikosa dukani, au ukaikuta imeshagandamana kwa unyevu, saga mwenyewe. Kikombe kimoja cha sukari nyeupe kavu na kijiko kimoja cha kulia cha kornfloa, kwenye blenda iliyo kavu kabisa, dakika mbili. Subiri vumbi litulie ndipo ufungue kifuniko. Chekecha kwa chujio la matundu madogo kuliko yote uliyonayo. Hiyo kornfloa ndiyo inayozuia sukari isigandamane kwa unyevu, kwa hiyo usiiache, hasa masika.

Zihifadhi kwenye bati lenye kifuniko cha kubana, karatasi kati ya kila safu, sukari kidogo chini. Athens tulizila mpaka katikati ya Januari. Tanga mimi sizivushi wiki mbili. Usizile zote siku ya kwanza. Siku ya tatu karafuu inakuwa imeshaingia ndani ya siagi, na ladha ni nyingine kabisa. Za kusafirisha beba bila sukari ya pili, uichukue kwenye mfuko pembeni na uitie ukifika.

Mezani ziende na kahawa chungu, bila sukari. Waambie wageni mambo mawili: wasivute pumzi wanapouma, maana sukari itapanda puani na kooni, na waitoe karafuu kwanza, watoto watolewe na mkubwa. Weka kisahani kidogo katikati ya meza kwa ajili ya karafuu hizo. Wageni wakishaondoka Kiria alikuwa akikaa na kisahani kile mapajani, anazihesabu moja moja kwa kidole, ndipo tujue za mwaka mpya tuoke ngapi.